Miguu Dirishani

Karakana ya Fundi Soli iko chini ya barabara. Unashuka ngazi za saruji, unainama usigonge kichwa, kisha unaingia katika chumba kinachonukia ngozi, gundi na nta. Chumba kina dirisha moja. Dirisha lenyewe liko juu, karibu na dari, na kwa nje limelingana na njia ya waendao kwa miguu. Ukiwa ndani huoni uso wa mtu. Unaona miguu tu.

Soli aliwajua watu wa mtaa ule kwa miguu yao. Kutwa aliketi chini ya dirisha, kiatu mapajani, misumari midogo imebanwa midomoni. Kivuli kikipita, alitema misumari kiganjani akainua macho.

"Mwuza maziwa! Leo umechelewa!"

Au: "Mama wa ghorofa ya juu! Hicho kisigino kinalia. Kilete nikinyamazishe!"

Huko nje miguu ilisimama, na kicheko kikasikika. Watu wa mtaa walizoea. Aliyeshindwa kuzoea ni mkewe. Yeye aliitwa Mama Uzi, kwa sababu ndiye aliyeshona ngozi za juu za viatu, na uzi haukumtoka mkononi. Kila siku alimtazama mumewe kwa mshangao ule ule. Mtu anawezaje kubeba miguu ya mtaa mzima kichwani?

Siku moja alimtega. Aliazima viatu vya jirani, akapita dirishani kwa madaha, huku akibadilisha mwendo.

"Mama Uzi," sauti ikatoka chini, "rudisha viatu vya watu."

Ukutani palikuwa na rafu zilizojaa miguu ya mbao. Kila mteja wa kudumu alikuwa na jozi yake. Soli aliichonga kwa kufuata miguu ya mwenyewe, na juu ya mbao hizo ndipo alipoundia viatu. Hapakuwa na mguu hata mmoja wenye alama.

"Alama ya nini?" Soli alishangaa alipoulizwa. "Kwani wewe mwanao unamwandika jina usoni?"

Jioni, taarifa ya habari ikimalizika redioni, wote wawili walikunywa dawa zao. Waliishi na virusi vya UKIMWI kwa miaka mingi. Siku ya kupima walilia, wakanyamaza, kisha wakakata shauri kuishi. Hawakuruka dawa. Kliniki waliwaambia virusi vimefubaa, havionekani tena kwenye kipimo. Kila jioni waligonganisha vikombe vya maji, wakasema "Afya!" na kumeza.

Mabadiliko yalianza kama mzaha.

"Mwuza mkaa! Habari za asubuhi?" Soli aliita.

"Mkaa?" sauti ikajibu. "Fundi, mimi ni mwuza maziwa!"

Wakacheka wote. Wiki iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na safari hii Mama Uzi hakucheka. Alianza kumtazama mumewe kwa jicho la pembeni. Soli alipanda ngazi kuchukua gundi akarudi mikono mitupu. Aliinua nyundo, akaishikilia hewani, akasahau alitaka kupiga nini. Maneno yalimjia polepole, na mengine hayakuja kabisa. Ukimweleza jambo refu, alipotea katikati. Mwishowe akaacha kutazama dirishani. Miguu ilipita, miguu ikasimama kungoja kuitwa, kisha ikaondoka.

Siku mambo yalipovunjika ilikuwa siku ya Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo aliyefundisha hesabu katika shule ya karibu. Alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Tangu ujana wake Soli ndiye aliyemtengenezea viatu. Cha kushoto alikipa soli nene, cha kulia soli nyembamba, na Mwalimu akasimama wima kama mtu mwingine yeyote. Alisimama hivyo mbele ya ubao kutwa nzima bila mgongo kumuuma.

Siku hiyo alifuata jozi mpya. Akavaa, akasimama, akayumba. Aliangukia rafu, na miguu ya mbao ikamwagika sakafuni kwa kishindo.

"Fundi," alisema taratibu, bado ameshikilia ukuta, "umeupandisha mguu mrefu."

Soli alikiokota kiatu akakigeuzageuza. "Hapana. Huu ndio mfupi."

"Mguu ni wangu, fundi."

Hapakuwa na hasira katika sauti ile, na ndiyo maana ikamchoma zaidi. Soli aliitazama miguu ya mbao iliyotapakaa chini. Aliichonga yote mwenyewe. Sasa hakujua upi ni wa nani. Akafungua mtoto wa meza, akaweka nyundo ndani, akafunga.

"Tafuta fundi mwingine, Mwalimu."

"Nimtoe wapi?" Mwalimu alivaa viatu vyake vya zamani, ambavyo soli ilikwisha kulika. "Hivi vitanivumilia kidogo. Mimi nakungoja wewe."

Habari zilimfikia dada yake Soli. Dada huyo alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mkubwa. Alikuja na mkokoteni, na juu ya mkokoteni kiti kikubwa cha kuegemea, chenye mito.

"Wifi," alimwambia Mama Uzi, "kaka yangu amechoka. Miaka yote hii kazi, kazi, kazi! Mgonjwa anapumzishwa. Mweke hapa, asiguse kitu."

"Hata mimi nimewaza hivyo, wifi."

Basi Soli akawekwa kitini kama yai. Mama Uzi alifuata maji. Mama Uzi alikwenda kununua ngozi, akapanda na kushuka ngazi, akafagia, akapika, akabeba. Soli akitaka kuinuka, alisukumwa kwa upole. "Tulia, mume wangu. Nipo." Kwa sababu alimpenda, alihakikisha hanyooshi hata mguu.

Lakini Soli hakupata nafuu. Mchana alisinzia, usiku akakodoa macho. Uso ulipoa. Akawa mtu wa kukaa tu, na akizungumzishwa anajibu neno moja. Siku moja Mama Uzi alimsikia akisema peke yake, "Vifaa viuzwe. Havina mtu tena." Moyo ulimpasuka. Kesho yake walikwenda kliniki.

Daktari hakuharakisha. Alisema kusahau kuna sababu nyingi, na haifai kubahatisha. Alimpima Soli damu, sukari na presha. Alimuuliza kuhusu usingizi, pombe na huzuni. Alikagua dawa zake zote na kuangalia tena kipimo cha virusi. Majibu yalipokuwa tayari, aliwapeleka kwa muuguzi mmoja aliyevaa raba za bluu. Wagonjwa walimwita Sista Raba.

"Karibuni, baba, karibuni, mama." Akavuta viti. "Baba, nitakupa maneno matatu uyahifadhi. Ngazi. Kikapu. Mvua."

Wakazungumza mengine kidogo. Kisha Sista akayauliza yale maneno. Soli alitazama dari, akatazama mikono yake.

"Ngazi," alisema. Mengine yalikwisha kwenda na maji. Aibu ikamjaa usoni.

"Usione haya, baba. Ubongo una shida kama vile goti linavyoweza kuwa na shida. Si wazimu, si uvivu, wala hujarogwa."

"Lakini dawa tunakunywa kila siku!" Mama Uzi alilalamika. "Mlituambia virusi vimefubaa!"

"Vimefubaa kweli, mama, na muendelee hivyo hivyo bila kuruka hata siku moja. Lakini virusi hivi huingia mpaka ubongoni mapema, kabla mtu hajaanza dawa. Dawa huvifubaza, ila kwa baadhi ya watu ubongo hubaki umechokozwa. Unafanya kazi polepole. Mtu anasahau, anachanganya hatua za kazi, mikono inakuwa mizito. Huwatokea watu wengi, tena wengine hawasemi." Akamgeukia Mama Uzi. "Niambie, baba anashindaje kutwa?"

Mama Uzi alijivuna kidogo. "Anapumzika. Wifi amemletea kiti. Hagusi kitu."

"Maji anafuata nani?"

"Mimi."

"Ngozi ananunua nani?"

"Mimi."

"Hizo ngazi anapanda na kushuka nani?"

"Si mimi!"

Sista Raba akatabasamu. "Basi mama, dawa yake unakunywa wewe."

 Soli, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha puani, lakini kilikuwa chake.

Sista akasimama. "Njooni nje niwaonyeshe kitu."

Nje ya chumba palikuwa na ukumbi mrefu wenye sakafu iliyong'arishwa. Sista alishika mkono wa Mama Uzi, akaviweka vidole viwili vya mkono huo kwenye kifundo cha mkono wa Soli, chini ya kidole gumba. "Tulia. Unasikia?"

Mama Uzi alisikia. Tup... tup... tup. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kugusa mahali pale.

"Sasa baba, twende. Si mwendo wa arusi, ni mwendo wa mtu aliyechelewa."

Wakauchapa ukumbi kwenda na kurudi, Sista akiwa ubavuni mwa Soli. Soli alirudi akihema, paji la uso likimetameta.

"Haya mama, shika tena."

Tup-tup-tup-tup! Mama Uzi alishtuka, akauachia mkono, kisha akaushika upya.

"Hiyo ni damu," Sista alisema. "Kila pigo linaipandisha mpaka ubongoni, imebeba hewa na chakula. Moyo ukizoezwa, damu inafika vizuri zaidi. Na mwili ukichangamka hivi, hutengeneza vitu vinavyolisha na kulinda chembe za ubongo."

Mama Uzi alistaajabu. Mtu amekaa kitini kama gunia, kumbe ndani yake kuna kazi kubwa namna hii, inayofanyika bila hata kuamriwa! Aliuangalia mkono mwembamba wa mumewe kana kwamba leo ndiyo kwanza anauona. Hakujua kama anataka kulia au kushukuru.

"Kwa hiyo akitembea atapona?" aliuliza.

"Sitakudanganya, mama. Mazoezi hayaui virusi, wala hayachukui nafasi ya dawa. Wataalamu bado wanachunguza yanasaidia ubongo kiasi gani. Tunachokijua ni kwamba moyo unapata nguvu, usingizi unarudi, huzuni inapungua, na kwa wengi akili inachangamka. Mwingine sana, mwingine kidogo. Inahitaji subira."

"Afanye mazoezi gani?"

"Yoyote yanayoufanya moyo upige na pumzi iende kasi. Kutembea kwa haraka, kucheza muziki, kuendesha baiskeli, kupanda ngazi. Kwa baba, kutembea kunatosha. Daktari amempima na amekubali. Anzeni kwa muda mfupi, dakika kumi hivi. Mkizoea, ongezeni mpaka nusu saa, siku nyingi za wiki. Mwanzo mwende polepole, mwisho mpunguze polepole. Mnywe maji."

"Na nitajuaje kama kasi inatosha? Mimi si muuguzi."

"Mwambie aongee. Akiongea vizuri, hajazidisha. Mwambie aimbe. Akiweza kuimba wimbo mzima, bado anazembea!"

Halafu uso wa Sista ukawa makini. "Kifua kikiuma, kizunguzungu kikija, au akikosa pumzi, simameni hapo hapo mtafute msaada. Siku ya homa asitoke. Na jambo moja zaidi. Saa iwe ile ile, njia iwe ile ile. Kichwa kinachosahau husaidiwa na mazoea."

Walichagua njia ya kuuzunguka mtaa. Ukipanda ngazi za karakana, unapita duka la magodoro, unafuata ukuta wa shule, unakata kona kwa kinyozi, kisha unarudi mpaka dirishani. Mama Uzi alishika mkono wa Soli kwa nguvu, kama mtu anayevusha mtoto.

Siku ya kwanza hawakufika hata ukuta wa shule. Soli alisimama, akashika kiuno. "Nirudishe kwenye kiti changu."

"Kiti nimekigeuza meza," Mama Uzi alisema. "Nimeweka ngozi za kukata. Hakina nafasi."

Siku zilizofuata walifika ukutani. Halafu kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa akitoka na mkasi mkononi kuwatazama, kwa sababu walikuwa na mambo ya kuchekesha.

"Imba!" Mama Uzi alimfokea mumewe katikati ya barabara.

"Si... siwezi!" Soli alijibu akihema.

"Afadhali! Twende hivyo hivyo!"

"Jamani," kinyozi aliwauliza wateja wake, "ugomvi gani ule?"

Dada yake Soli alipowakuta alidondosha kikapu. "Wifi! Unataka kumuua kaka yangu? Mnamkimbia nani?"

"Tunaukimbilia ubongo wake," Mama Uzi alisema bila kupunguza mwendo. "Njoo, maneno tutamaliza njiani."

Wifi aliwafuata ili apate kugomba vizuri. Kufika duka la magodoro pumzi ilikuwa imekata, na ugomvi umeisha wenyewe. Kesho yake alikuja amevaa raba.

Haikuwa rahisi. Zilikuwepo asubuhi ambazo Soli alisahau kwamba walikwisha kutembea, akataka kwenda tena. Zilikuwepo nyingine alizokataa kutoka, akakaa na uso ukutani. Mara moja alipata kizunguzungu kwenye kona. Walimkalisha kivulini papo hapo, kisha wakampeleka kliniki. Kumbe alitoka bila kunywa maji na jua lilikuwa kali. Sista Raba alimkagua, akawasifu kwa kusimama, na wakahamishia matembezi asubuhi mapema.

Kitu cha kwanza kurudi kilikuwa usingizi. Soli alilala mpaka Mama Uzi akainuka kumsikiliza kama anapumua. Kisha hamu ya chakula. Kisha maneno, moja moja. Hapakuwa na siku aliyoamka akiwa mtu mpya. Mambo yalirudi polepole, na Mama Uzi aliogopa hata kuyataja asije akayafukuza.

Asubuhi moja walikuwa wakikata kona, wanaume kwa wanawake wanawahi makazini. Soli alikuwa akitazama chini kama kawaida yake.

"Kinyozi amebadilisha viatu," alisema.

Mama Uzi alisimama kabisa. "Umesemaje?"

"Alikuwa na vyeusi vya kufunga kamba. Leo kavaa vya kahawia. Tena vinambana, maskini."

Mama Uzi aligeuka akamtazama kinyozi mlangoni pake. Viatu vilikuwa vya kahawia, na mtu mwenyewe amesimama kwa kisigino kimoja akiupumzisha mguu mwingine. Mwili ulimsisimka kuanzia utosini. Alikuwa kama aliyesikia mtu akibisha hodi katika nyumba aliyodhani imehamwa.

"Mbona unalia?" Soli aliuliza.

"Jua," alisema Mama Uzi. Jua lilikuwa bado halijapanda.

Jioni ile, redio ikiwa inasoma habari, Soli alivichukua viatu vya mkewe vilivyokuwa mlangoni. Akavipindua, akapitisha kidole kwenye soli.

"Kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje," alisema. "Cha kulia kizima."

"Vimezeeka tu."

"Havijazeeka. Unatembea umeinamia kwangu. Unanishika."

"Nakushika usianguke."

"Najua, Mama Uzi." Alifungua mtoto wa meza, akatoa nyundo iliyolala humo tangu siku ile. Aliishika muda, kana kwamba anaisalimia. Halafu akabana misumari midomoni, akaanza kukijenga upya kisigino cha mkewe. Alifanya polepole. Mara mbili alisimama kukumbuka hatua inayofuata, na mara zote mbili aliikumbuka. Mama Uzi alishona pembeni yake bila kuona anachoshona.

Alipomaliza alisema, "Nitengeneze viatu vya Mwalimu."

"Utaweza?"

"Nifungie uzi mwekundu kwenye mguu wake wa kushoto, ule wa mbao. Nisitegemee kichwa peke yake."

Huyu ndiye aliyekuwa akicheka alama! Mama Uzi alikata uzi, na Soli mwenyewe akamwonyesha jozi ya Mwalimu kwenye rafu. Ilikuwa ndiyo yenyewe.

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko zamani. Asubuhi walitembea, kisha Soli aliketi chini ya dirisha wakati kichwa kikiwa kimechangamka, akafanya hatua moja tu kwa siku. Mama Uzi alishona ngozi za juu. Siku ya kupachika soli, Mama Uzi alikwenda sokoni. Aliporudi, viatu vilikuwa vimekwisha, vimeviringishwa katika gazeti na kutiwa kwenye mfuko wa kubebea.

"Ngoja nione," alisema, akanyoosha mkono.

"Usikague."

Mkono ulibaki hewani. Mle ndani ya gazeti, soli moja ilikuwa nene na nyingine nyembamba. Kama zimebadilishana tena, Mwalimu ataanguka tena, na Soli safari hii ataifunga nyundo milele. Mama Uzi alilijua hilo. Soli pia alilijua.

"Nitampelekea mwenyewe," Soli alisema. "Peke yangu. Shule iko kwenye njia yetu."

"Soli..." Mama Uzi alimshika mkono.

"Nimemuuliza Sista Raba tulipokwenda kliniki. Amesema nijaribu. Simu ninayo mfukoni. Kinyozi anajua, mlinzi wa shule anajua." Akaufungua mkono wa mkewe, kidole kwa kidole, akautoa kwenye mkono wake. "Kisigino nimekitengeneza sasa. Usikiharibu tena."

Akapanda ngazi. Dirishani miguu yake ilipita, ya kulia, ya kushoto, ikatoweka.

Mama Uzi alikaa chini ya dirisha, kwenye kigoda cha Soli. Wifi alikuwepo, amejilaza katika kile kiti kikubwa baada ya kuondoa ngozi, raba zake amezivua.

"Wifi, ungemfuata kwa mbali," alinong'ona.

"Hapana."

"Akipotea je?"

"Nyamaza, wifi, nasikiliza."

Miguu ikapita. Viatu vya shule. Viatu vya mwuza maziwa, vyenye tope. Ndala. Mama Uzi hakuwahi kuitazama miguu ya watu namna hii. Kila jozi ilikuwa na mwendo wake na haraka yake, na ndani ya kila moja moyo unapiga. Alijikuta ameweka vidole kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. Ulipiga kama wa mtu anayekimbia.

Muda ukapita, Soli hakutokea. Wifi alinyoosha mkono kutafuta raba zake.

Ndipo viatu viwili vya kahawia vikaingia dirishani kutoka upande wa kinyozi. Vilikuwa vya Soli. Mwendo ulikuwa wa mtu aliyechelewa.

Havikuwa peke yake. Kando yake palikuwa na viatu vyeusi vipya, vya kike. Cha kushoto kilikuwa na soli nene, cha kulia nyembamba. Kisigino kilishuka, kikafuata kingine, bila kuyumba. Vilikwenda sawa na vile vya kahawia, hatua kwa hatua.

Mama Uzi alisimama. 

Miguu yote minne ikasimama mbele ya kioo. Ncha ya kiatu cha kahawia ikagonga dirisha mara moja.

"Mama Uzi!" sauti ya Soli iliita kutoka juu. "Hivi viatu ni vya nani?"

"Vya Mwalimu," alijibu, machozi yakimtiririka. "Ni vya Mwalimu, Soli!"

"Fundi, tusisimame," sauti ya Mwalimu ikasema. "Si umesema moyo usipoe?"

"Kweli," Soli alisema. "Tunazunguka mara moja tena. Tuwekee maji ya kunywa."

Miguu ikaondoka. Mama Uzi alibaki ameinua uso kuelekea dirishani mpaka mlio wa visigino ukaisha. Kisha akaenda kujaza vikombe.